Orodha ya bima si orodha ya kurekebisha nyumba

Wasee wangu, leo hakuna kichekesho. Leo nataka tuongee juu ya ukuta.

Najua unachofikiria. Uko na miaka 19 au 23, unakaa bedsita Tuwan ama Kanduyi, na kitu cha bei kali zaidi unachomiliki ni simu. Bima ya nyumba ni stori za wazazi. Mimi pia nilisema hivyo mpaka ile siku mama aliniwekea fomu mezani akaniambia, "Wewe ndiye unajua hizi mambo za simu na barua pepe. Nisaidie." Na nikamsaidia vizuri pale mwanzo, kisha nikaharibu pale mwisho. Nitasimulia yote mawili, maana kuna mzazi wako mahali anaweza kukuwekea fomu kama hiyo mvua ijayo.

Mwisho wa Aprili 2024, wiki ile ile maji yalibeba watu Mai Mahiu, upepo uling'oa mabati ya nyumba yetu Bungoma. Karibu watu 300 walikufa nchini katika mvua za msimu ule, kwa hivyo sisi tulipoteza vitu tu na tunashukuru Mungu. Lakini hata vitu vina hesabu yake.

Mimi naishi Kitale, nimepanga huko tangu nitoke chuo. (Ndio, nilitoka. Karo ilishinda. Tuendelee.) Wikendi hiyo nilikuwa nimepanda matatu, nikapita Kiminini, Kamukuywa, Webuye, nikafika nyumbani kumwona mama na mdogo wangu. Yeye yuko sekondari ya bweni, na shule zilikuwa zifunguliwe wiki hiyo lakini serikali ikasongesha tarehe kwa sababu ya mafuriko. Usiku, saa sita hivi, tukasikia kama lori linamwaga kokoto juu ya paa. Kisha kishindo. Mabati manne yakaenda, na maji yakaanza kuingia juu ya silingi. Dakika kama ishirini silingi ya sebule ikajaa tumbo, ikapasuka. Chumba cha mama kikafuata, halafu cha mdogo wangu.

Tulizima stima kwa meni swichi. Tukasukuma viti na godoro jikoni. Na mimi, kwa sababu ya ugonjwa wa kazi yangu, nikatoa simu nikaanza kurekodi. Mama alinifokea kweli kweli: "Nyumba inaanguka na wewe unapiga video?" Ile video, wasee, ililipa zaidi ya video yoyote nimewahi kupakia.

Sasa hebu nieleze bima kwa lugha ya kawaida.

Mama ni mwalimu. Nyumba aliijenga kwa mkopo, na benki ndiyo ilimlazimisha kuchukua bima ya jengo. Mkopo uliisha, lakini mama akaendelea kulipa kila mwaka, kimya kimya, vile watu hulipa sadaka. Asubuhi yake tukapiga simu kwa kampuni, tukatuma barua pepe, tukaambiwa tungoje asesa, yule anayekuja kukadiria hasara. Wakati unamngoja, unatakiwa kuzuia uharibifu usiendelee, kwa hivyo tulinunua turubai tukafunika paa na tukaweka risiti. Usianze ukarabati wa kudumu kabla hajaona, na usitupe vilivyoharibika. Silingi yetu iliyooza ilikaa nyuma ya nyumba wiki tatu, ikinuka, kama shahidi.

Wiki tatu ndizo asesa alichukua kufika. Kufika kwake jua lilikuwa limewaka siku kadhaa, vyumba vimefagiliwa, na kwa macho yake hali haikuwa mbaya sana. Fundi wetu alikuwa ameandika makadirio ya shilingi 240,000. Asesa akakubali 152,000. Silingi ya vyumba viwili aliiacha nje, akisema ilionekana ilikuwa imechoka zamani.

Kisha ikaja hesabu ambayo hakuna mtu nyumbani aliwahi kuisikia. Inaitwa avareji. Nyumba ilikuwa imekatiwa bima ya milioni 3, ile thamani ya wakati wa mkopo. Lakini simiti, mbao na mabati vimepanda, na kuijenga leo ni kama milioni 4. Kampuni inasema: mlilipia robo tatu ya nyumba, basi tutalipa robo tatu ya hasara. Ni kama mmechanga chapati wanne na wewe hukutoa yako, halafu unataka sahani iliyojaa. 152,000 ikawa 114,000. Halafu kuna eksesi, ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo unabeba mwenyewe. Yetu ilikuwa 15,000. Ikabaki 99,000.

Barua ikaja na karatasi inaitwa dischaji. Ukitia sahihi hapo, umekubali kwamba hayo ndiyo malipo kamili na dai limeisha. Mama alikuwa ameshika kalamu. Alikuwa amechoka, na wazazi wetu wamefundishwa kwamba karatasi yenye nembo haijibiwi. Nikamwambia, "Mama, ngoja siku mbili tu."

Hapo ndipo video ilifanya kazi. Ilionyesha silingi za vyumba vyote zikiwa nzima, zimejaa maji, kisha zinaanguka, na simu imeandika tarehe na saa. Tukaandika barua fupi ya heshima, bila matusi, tukaambatanisha video na picha, tukaomba hesabu ifanywe upya. Ikafanywa. Kiasi kilichokubaliwa kikapanda hadi 200,000. Robo tatu ni 150,000, toa eksesi, tukalipwa 135,000. Shilingi 36,000 zaidi, kwa sababu ya barua ya kurasa moja na nusu.

Sheria ya bima ya Kenya inaipa kampuni siku 90 kulipa dai. Yetu ilikaribia sana hizo siku lakini ikafika. Kama ingepita, ama kama wangekataa bila sababu, tulikuwa tumejipanga kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile wengi huiita IRA. Kulalamika huko ni bure. Huhitaji wakili, unahitaji karatasi zako ziwe sawa.

Mpaka hapo mimi ni shujaa, si ndio? Ngoja.

Pesa iliingia mwisho wa Julai. Usiku huo mama alinikalisha jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Tukipunguza kwa nyumba, tunaweza kulipa karo yako urudi chuo Septemba." Sitasahau hiyo sentensi. Nikakataa. Nikamwambia nyumba kwanza, mimi nitajipanga. Na nilimaanisha. Lakini mtu akishakataa pesa kama hiyo, anataka kuona kitu kimetokea nayo. Anataka kuona nyumba inang'aa. Mimi nilitaka ing'ae haraka. Na tuseme ukweli wote: nilikuwa nimeshapanga video ya kabla na baada.

Tukachukua ile ripoti ya asesa, tukaigeuza kuwa mpango wa kazi. Mabati na mbao, 46,000. Silingi, 34,000. Stima, 12,000, na hapo angalau tulimtafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, kwa sababu nyaya zilizolowa si za kubahatisha. Zikabaki 43,000 za plasta, rangi na leba. Hesabu imefungana hadi shilingi ya mwisho. Nikajipiga picha nayo.

Fundi wa rangi alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliweka kiganja kwa ukuta wa chumba cha mdogo wangu, akakiacha hapo kidogo, akasema, "Kijana wangu, huu ukuta bado uko na maji. Ni matofali ya kuchoma haya, yanakunywa. Na Agosti huku kwetu bado ni mvua. Mngengoja kiangazi."

Nikamwambia, "Mzee, mabati ni mapya, hakuna maji yanaingia. Itakaukia ndani."

Akamwangalia mama. "Madam?"

Mama akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimeshinda kampuni ya bima. Akasema, "Endelea tu."

Video ya kabla na baada ilifanya vizuri sana. Mlipenda. Asanteni.

Oktoba rangi ya kile chumba ikaanza kufura kama chapati kwa moto. Ukibonyeza, inavunjika, na nyuma kuna unga mweupe na maji. Karibu na sakafu kukaanza alama nyeusi nyeusi. Mama akapangusa kwa dawa ya kufulia, zikarudi. Akasukuma kabati hapo, zisionekane.

Novemba mdogo wangu akafunga shule akaja kulala kwa hicho chumba. Yeye ana pumu tangu utotoni, lakini ilikuwa imetulia miaka. Usiku wa nne mama alinipigia saa nane. Sikusikia mama kwanza. Nilisikia kile kifua, ile sauti ya filimbi, mtu anatafuta hewa. Walimpeleka hospitali na bodaboda, mama nyuma amemshikilia. Alipona, yuko sawa, anajiandaa kwa mitihani. Lakini daktari aliuliza swali moja tu lililonimaliza: "Huko analala kuna unyevu?"

Si siri ya mtu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, likionyesha vinavyohusiana na pumu na shida za kupumua. Mimi nilikuwa nimefungia unyevu ndani ya ukuta kwa rangi ya bei kali, halafu tukamlaza mtoto kando yake.

Kumbe hata hayo maji hayakuwa ya ile usiku peke yake. Januari, jua limewaka, tulimrudisha yule mzee. Nikamwomba msamaha kwanza. Akacheka, akasema, "Ukuta huongea pole pole." Kisha hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akatuonyesha gata. Upepo wa Aprili ulikuwa umeng'oa kipande cha gata na bomba lake, na tangu hapo maji ya nusu ya paa yalikuwa yanaanguka chini ya ukuta wa chumba cha mdogo wangu, kila mvua, miezi tisa. Udongo ulikuwa umeshimbika, na ukuta unanyonya maji kutoka chini.

Kwa nini hatukurekebisha gata? Hapa ndipo nataka usikilize vizuri.

Kwa sababu asesa aliikata. Kwa ripoti aliandika kwamba gata ilikuwa na kutu ya muda mrefu, na bima hailipii uchakavu. Na kusema kweli alikuwa sahihi, ilikuwa na kutu. Kile kipengele kilikuwa shilingi 6,500 kwa makadirio ya fundi. Kikaondolewa kwa orodha ya bima, na sisi tukakiondoa kwa akili zetu. Hakuna mtu alisema tusirekebishe. Tulisahau tu, kwa sababu karatasi yenye nembo ilikuwa imesahau.

Hiyo ndiyo maoni yangu ya leo, na nitayasema hata kama mtu wa bima anasoma: orodha ya bima inajibu swali la nani alipe. Haijibu swali la nyumba inaumwa wapi. Bima imeundwa kwa jambo la ghafla: upepo, moto, bomba kupasuka. Kutu, ufa wa zamani, msingi unaonyonya maji, hayo ni mambo ya pole pole, na karibu kila mkataba unayaweka nje. Lakini maji hayajasoma mkataba. Yanaingia kwa njia ya ghafla na kubaki kwa njia ya pole pole. Ukitengeneza ya ghafla peke yake, umetengeneza nusu.

Kwa hivyo andika orodha mbili. Ya kwanza ni ya kampuni, ipiganie kwa ushahidi. Ya pili ni ya nyumba, uiandike na fundi mkiwa nje, mkitembea kutoka paa hadi msingi, mkiuliza maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Pesa ikifika, orodha ya pili ndiyo inaongoza. Paa, gata, mitaro, nyaya, halafu kungoja, halafu ndani. Rangi ni ya mwisho. Kama pesa haitoshi, kinachokosa ni rangi. Hakuna mtu amewahi kupelekwa hospitali na ukuta ambao haujapakwa.

Kuna watu wataniambia: maskini hangoji, pesa ikikaa inaliwa. Ni kweli. Mama angekaa na hiyo 43,000 kutoka Agosti mpaka Januari, na karo za shule, na matanga, na jamaa wanajua pesa ya bima imeingia? Ningekuwa mwongo nikisema ni rahisi. Lakini kuna njia. Nunua vifaa visivyoharibika mapema, viweke. Ama mlipe fundi kidogo akuandikie ahadi. Ama iweke kwa Sacco mahali ambapo kuitoa ni usumbufu. Sisi hatukungoja, na tukalipa mara mbili: kubandua plasta, gata mpya, mtaro, plasta tena, ikawa 38,000 za mshahara wa mwalimu. Ile rangi ya kwanza ilikuwa semista yangu. Nimeipiga hesabu mara nyingi usiku.

Na kungoja si kubahatisha. Yule mzee alitufundisha: bandika kipande cha nailoni ukutani, funga kingo zote kwa selotepu, kiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta bado unatoa maji. Ngoja, fungua madirisha, jaribu tena. Sisi tulijaribu mara tatu kabla nailoni itoke kavu. Ilichukua karibu wiki sita, na hiyo ni kiangazi. Pia tulibakiza sehemu ya malipo ya fundi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Yeye mwenyewe ndiye alipendekeza.

Wewe uliyepanga, usidhani umepona. Jirani yangu wa juu hapa Kitale aliacha mfereji wazi siku maji yalikuwa yamepotea. Yakarudi usiku. Msee wa chini yake alipoteza kompyuta na godoro. Landilodi ana bima, ndio, ya jengo. Vitu vyako si jengo. Hata kwetu Bungoma, sofa na TV havikulipwa hata shilingi, kwa sababu mama alikuwa na bima ya jengo bila ya vitu vya ndani. Kama kazi yako iko ndani ya kompyuta moja, uliza bei ya bima ya vitu, ama angalau usiiweke sakafuni.

Wikendi hii fanya mambo mawili. Muulize mzazi wako kama kuna bima ya nyumba, msome pamoja ile karatasi, muangalie kiasi kilichoandikwa kama bado kinatosha kuijenga leo. Wengi watapata ni hesabu ya miaka kumi iliyopita, kama yetu. Halafu piga video ya kila chumba kikiwa kizima, silingi mpaka sakafu, uitume mahali itakaa hata simu ikiibwa.

Na mvua ikianza, toka nje na mwavuli uangalie maji ya paa lenu yanaanguka wapi. Kama yanaangukia mguu wa ukuta, unajua cha kufanya kabla ya kitu kingine chochote.

Mdogo wangu amerudi kwa chumba chake. Ukuta bado haujapakwa rangi, ni plasta tupu, kijivu, na amebandika bango la timu yake juu yake. Sijaupigia video. Uko mkavu.